Sinia la Tingatinga, kanga, shanga au mpingo: kipi kifae nyumbani, kipi kifae zawadi

Mdogo wangu wa kike alipohamia kwake aliniagiza kitu kimoja tu: vyombo na vikorokoro vya ndani vyenye "michoro yetu". Alishachoka na vikombe vya maua ya waridi na mapazia yenye picha ya mnara wa Paris. Nikadhani ni shughuli ya Jumamosi moja. Zilikwenda tatu, kati ya Oysterbay, Mwenge na Mtaa wa Uhuru jijini Dar es Salaam, na kila nilikofika nilimkuta muuzaji ananiapia kwamba chake ndicho orijino, cha jirani ni feki.

Neno orijino nililitupa siku ya pili. Ukilifuata mpaka mwisho, unabaki mikono mitupu. Tingatinga, ile michoro ya wanyama, ilianza kwa rangi ya kupakia baiskeli. Kanga kwa jina lake la pili ni leso, neno tulilochukua kwa Wareno, na nyingi huchapwa India. Shanga nzuri za Kimaasai ni za kioo kutoka Jamhuri ya Czech. Sanaa zote hizi zilipokea malighafi ya mgeni zikaifundisha Kiswahili au Kimaasai. Basi nikabadilisha maswali. Nikawa nauliza mawili: kimetengenezwa na nani, na je, kitaifanya kazi yake ya nyumbani? Vitu vingi hufaulu swali moja na kuanguka la pili.

Tingatinga: ya brashi au ya mashine?

Naanza na hii kwa sababu ndiyo inayouzwa kwa sura nyingi, na ndiyo inayochanganya watu.

Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam karibu mwaka 1968, juu ya vipande vya hadibodi. Mraba wake uliozoeleka ni wa sentimita 60 kwa 60, yaani futi mbili kwa mbili. Chukua bao la futi nane kwa nne ulikate hivyo: unapata vipande vinane na hakibaki hata kipande cha kutupa. Fundi yeyote wa dari anaielewa hesabu hiyo. Picha zilikuwa zikiuzwa pale Morogoro Stores, Oysterbay. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakidhani ni mhalifu, akafa. Miaka minne hivi ya kuchora, na jina lake likawa jina la mtindo mzima. (Na kwa bahati ni jina la trekta pia, kwa hiyo ukitafuta picha mtandaoni jiandae kukutana na makatapila.) Ndugu na wanafunzi wake waliendeleza kazi, na mwaka 1990 wakawa na chama cha ushirika chenye karakana hapo hapo Oysterbay.

Sasa chui yule, kanga yule ndege mwenye madoa na twiga yule mwenye shingo ya kupinda utawakuta kwa namna mbili. Kwanza wamechorwa kwa mkono juu ya sinia la mbao, vibao vya kuwekea glasi, bangili, kibao cha kutundikia funguo. Pili wamepigwa skani na kuchapwa kwenye kikombe, foronya, mkoba wa turubai na kava la simu. Ukiwa mbali vinafanana. Ukivishika, hapana.

Namna ya kutofautisha ni rahisi. Inamisha kitu kuelekea mwanga, upitishe kidole juu ya madoa ya chui. Rangi ya mafuta hukaa kwa matabaka: mandhari kwanza, kisha mnyama, kisha madoa na mistari myembamba juu yake. Kila doa limeinuka kidogo, kama kipele cha baridi kwenye mkono. Kidole kikiteleza bila kukutana na chochote, ni chapa, hata kama muuzaji anasema mjomba wake ndiye aliyechora.

Lakini usidhani cha mkono maana yake kiko kimoja duniani. Kwenye meza moja nilihesabu twiga kumi na mmoja waliopinda shingo upande ule ule. Huo si utapeli. Mtindo wenyewe ulikua kwa mwanafunzi kunakili kazi ya mwalimu mpaka mkono uzoee, halafu mtu aongeze vyake polepole. Tofauti utaiona kwenye macho ya mnyama na kwenye mistari ya mwisho: mkono uliokomaa huvuta mstari mmoja bila kusita, mkono wa haraka huacha kitu kama maandishi ya mtu aliye ndani ya daladala. Angalia na sahihi pembeni. Isiyo na sahihi niliiacha mezani, hata ilipokuwa nzuri.

Tatizo la Tingatinga ya mkono ni matumizi. Sinia langu la kwanza, nililonunua miaka iliyopita, nililiua kwa birika. Wageni walikuja, nikaweka chai ya moto juu yake kwa fahari, na nilipoinua birika lilinyanyuka na duara zima la rangi, pamoja na mgongo wa kifaru. Safari hii nilimsimulia mchoraji mmoja. Alicheka mpaka akaweka brashi chini.

"Dada, hiyo rangi ni ndugu ya rangi ya mlango. Wewe unaweza kuweka birika la moto juu ya mlango?"

Kwa hiyo sinia la mkono ni la glasi za maji baridi, barua, funguo, manukato. Si la birika, na si la kukatia embe. Rangi hizi hazikutengenezwa zikutane na chakula, hata zikipakwa vanishi juu. Mwenye mtoto mdogo anayelamba kila kitu alitundike ukutani, yaishe.

Kikombe cha kuchapa kina sifa za kinyume. Chai ya moto hakiiogopi, kinaoshwa kila siku, kikivunjika huendi matanga. Adui yake ni stilwaya: sugua na sponji laini, la sivyo baada ya miezi chui anakuwa paka wa kijivu. Na angalia jinsi picha ilivyokaa. Picha ya mraba ikizungushwa kwenye kikombe, kitu lazima kikatwe, na mara nyingi anayekatwa ni mnyama mwenyewe. Nilishika kimoja ambacho mkono wa kikombe ulikuwa umechukua mahali pa kichwa cha twiga. Shingo inapanda, inapanda, halafu unaishika.

Lipo na jambo la haki. Ukinunua sinia karakanani, unaiona hela inaingia mkononi mwa mtu aliyechafuka rangi. Kikombe ni hadithi nyingine: mchoraji anaweza kuwa aliuza picha moja, na mtu akaichapa mara elfu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania, ya mwaka 1999, inasema kuirudufu kazi ni haki ya msanii. Kumiliki picha hakukupi ruhusa ya kuichapa. Mtengenezaji aliyefanya mambo yake sawasawa huwa haoni haya kuliandika jina la mchoraji chini ya kikombe au kwenye boksi. Nilivigeuza vikombe vingi chini juu. Vyenye jina vilikuwa vichache, na nilichukua hivyo.

Uamuzi wangu: sinia na vibao, nunua vya mkono. Kikombe na foronya, nunua vya kuchapa vyenye jina la mchoraji. Kava la simu ni juu yako. Mimi naona chui hapumui pale.

Kanga: hapa mchoro na chombo ni kitu kimoja

Nikiambiwa nichague kimoja tu, ni kanga, na sioni aibu kuipendelea. Kwa Tingatinga unabandika mchoro juu ya chombo. Kanga yenyewe ni mchoro na chombo tangu ilipozaliwa pwani, Zanzibar na Mombasa, mwishoni mwa karne ya 19. Ina pindo lake pande zote, ina mji katikati, na ina jina, yaani yale maneno ya chini. Hakuna kikombe kitakachokusema wewe na jirani yako kwa pamoja.

Mombasa wapo wale wa "Mali ya Abdulla", duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanza mwaka 1887. Alama yao ya K.H.E. bado inatafutwa. Hapo zamani majina ya kanga yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu kabla ya hizi tulizozoea. Dar es Salaam kiwanda cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China mwaka 1968, kililea kizazi kizima cha kanga na vitenge. Mama yangu bado ana kipande kimoja anachokitolea kwa wageni maalumu tu.

Mtaa wa Uhuru nilimwamkia mzee mmoja aliyekaa nyuma ya marundo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti. Ya kuvaa, ya kutoa, au ya kukata?"

Sijawahi kuulizwa swali zuri kama hilo dukani. Kwa sababu kanga ya kukata, ile utakayoshonea mito, aproni, mikoba au vitambaa vya meza, haichaguliwi kama ya kuvaa. Ya kukata unatazama mji: michoro midogo inayojirudia inavumilia mkasi, embe moja kubwa la katikati halivumilii. Na jina unalipangia mahali kabla ya fundi hajagusa mkasi. Niliwahi kuona mto wa kochi umesomeka HAUOZI peke yake. Wema ulikuwa umebaki kwenye mto mwingine, pengine kwa mteja mwingine.

Kanga huuzwa doti, vipande viwili vinavyofanana, kila kimoja kama mita moja na nusu kwa moja na kidogo. Huo ndio ujanja wa kununulia vitu vya nyumbani: kipande kimoja kata mito, cha pili kipinde kibaki kizima, kiwe cha kujitanda, cha kumbebea mtoto, cha kufunika sahani. Doti ya kawaida haimalizi noti mbili za elfu kumi. Kwa bei hiyo hakuna kitu kingine kwenye makala hii kinachokupa matumizi mengi namna hii.

Kuipima: igeuze. Kanga iliyochapwa vizuri rangi yake imepenya, upande wa nyuma unakaribia wa mbele. Iliyopauka nyuma itapauka na mbele. Ile kukakamaa kwake ni wanga, itaondoka ikifuliwa, kwa hiyo usidanganyike na uzito wa dukani. Inyanyue uitazame kwenye mwanga uone uzi ulivyobana. Loweka mara ya kwanza peke yake, na chumvi, kabla hujaitumbukiza na shuka nyeupe za watu.

Ukitoa zawadi, soma jina. Soma mara mbili. "Hasidi hana sababu" ni kanga nzuri sana, lakini usimpelekee wifi yako siku ya arobaini ya mtoto halafu ushangae chai imechelewa. Kwa bibi harusi, kisutu, ile ya nyekundu, nyeusi na nyeupe, haijawahi kumwaibisha mtu.

Kitenge? Kizuri kwa makochi na mapazia, maana ni kizito zaidi na hakina jina la kukatika. Lakini hakisemi kitu. Kwa mdogo wangu nilikiruka.

Shanga

Shanga nilizikuta Mwenge, ila nilizochukua nilizitoa Arusha nilipopita kikazi, kwa mama wa Kimaasai aliyekuwa akishona huku anapiga soga na wenzake. Kazi hii ni ya wanawake, na wanaisoma kama sisi tunavyosoma kanga. Nyekundu ni damu na ujasiri, nyeupe ni maziwa, bluu ni mbingu inayoleta mvua, kijani ni majani ya mifugo. Mpangilio wa rangi huweza kukuambia mvaaji ni wa rika gani au kama ameolewa.

Kwa nyumba, shanga zinakuja kama pete za leso za mezani, pembe za sinia, vikawa vya kufunikia chakula, mikanda, ndala za ngozi. Vitu vya kuuza watalii havifuati sarufi hiyo yote, na mama yule aliniambia hivyo bila kuzunguka: anachanganya rangi zinazouzika, zile zenye maana zao anabaki nazo. Nilimheshimu zaidi kwa hilo.

Shanga ya kioo igusishe shavuni, ni baridi. Ya plastiki ni vuguvugu na nyepesi, na mara nyingi ina mshono pembeni. Vuta uzi kidogo mwishoni uone fundo: nailoni iliyofungwa vizuri hudumu, uzi wa cherehani utakata, nawe utaokota shanga chini ya kochi mpaka sikukuu ijayo. Za waya zinapendeza, ila waya wa chuma hushika kutu ukikaa na maji, kwa hiyo pete za leso sawa, kikawa cha wali wa moto unaotoa mvuke hapana. Ndala zenye shanga ni za jioni na za ukumbini. Ngozi ikinywa mvua, uzi unalegea, na mvua ya pili ndala huwa haivumilii.

Kwa zawadi ya mtu mmoja, rafiki au shangazi, shanga inashinda sinia. Ni ndogo, haivunjiki kwenye begi, na imepitia vidole vya mtu shanga moja moja.

Mpingo, na jiwe la Kisii kwa kifupi

Mwenge ni kwa wachongaji, na uchongaji wa mpingo ni wa Wamakonde wa Mtwara na Msumbiji kabla haujawa wa mtu mwingine yeyote. Vile vinyago vya Ujamaa, watu wamebebana kama mnara, sasa vinashuka ukubwa mpaka kuwa mshikio wa kijiko cha saladi. Hapa ndipo udanganyifu ulipo mwingi. Mti mwepesi hupakwa rangi ya viatu, ukang'aa vizuri kuliko mpingo wenyewe.

Nilikwenda na kitambaa cheupe chenye mafuta kidogo ya nazi. Kukisugua tu kijiko cha kwanza, kitambaa kikawa cheusi na muuzaji akaanza kutazama barabarani. Mpingo wa kweli hauachi kitu. Ni mzito kiasi cha kuzama kwenye maji, weusi wake una mishipa ya kahawia ukiutazama kwenye jua, na pembeni mara nyingi kuna ukanda wa manjano, sehemu ya nje ya gogo. Watu huikataa ile manjano wakidhani ni kasoro. Ndiyo hati yake ya kuzaliwa.

Kijiko cha mpingo kinafaa kwa chakula bila shida, alimradi usikiache kimelala kwenye beseni. Kioshe, kifute, kipake mafuta mara moja moja. Usikiweke mbele ya kiyoyozi kisije kikapasuka. Mti huu hukua taratibu mno, miongo na miongo, kwa hiyo si dhambi kumuuliza mchongaji gogo limetoka wapi. Misitu ya vijiji vya Kilwa ilipata cheti cha FSC, kile cha uvunaji wa miti unaojali msitu, mwaka 2009, na wapo wanaoweza kukujibu kwa kijiji.

Jiwe la Kisii, linalochimbwa na kuchongwa Tabaka nchini Kenya, ni la bakuli la matunda na sahani ya sabuni. Laini, zito, linachubuka kwa ukucha. Likisafiri kwenye ndege, linakula kilo zako zote. Basi.

Bei, mkoba na nani kalipwa

Kwa bei, kanga iko chini, kisha kikombe cha kuchapa, kisha shanga ndogo na vibao vya kuwekea glasi. Sinia zuri la mkono na mpingo wa kweli vinakimbilia juu, na mpingo hauna mwisho. Kwa msafiri, kanga na shanga. Kwa nyumba yenye watoto, kanga na vikombe. Kwa mtu mwenye kila kitu, mpingo, kwa sababu wengi wao wana ule wa rangi ya viatu.

Ukiona jina la sanaa zetu limebandikwa kwenye bidhaa ya kampuni ya mbali, usichukulie kwamba kuna mtu huku aliyeulizwa. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno "kikoy" kama alama yake ya biashara huko kwao. Wakenya na marafiki zao wakapinga, na baada ya mvutano ombi likaachwa. Kenya ilitunga sheria ya kulinda maarifa na sanaa za jadi mwaka 2016, na Wamaasai wa pande zote mbili za mpaka wamekuwa wakidai leseni na malipo wageni wanapotumia jina na mitindo yao. Mnunuzi dukani hawezi kukagua mikataba. Anaweza kugeuza kitu chini juu na kutafuta jina la mtu.

Mdogo wangu alipata vikombe vinne vyenye jina la mchoraji, doti mbili za kanga, pete sita za leso za shanga, vijiko viwili vya mpingo na sinia la mkono lenye samaki wa bluu. Nilimwonya kuhusu birika. Nilipomtembelea wiki iliyopita sinia lilikuwa mlangoni, limejaa funguo, risiti na chaja ya simu, na samaki mmoja tu ndiye aliyekuwa akionekana.